Mizani ya Saa Nane Usiku

Faili lenyewe ni dogo, kurasa mbili ukilichapa:
nambari ya trela, na uzito wake ikiwa tupu.
Trela ya kumi na saba: tani tatu na kilo mia sita.
Trekta likiingia kutoka Matungu, mizani inapima vyote,
kisha inaondoa chuma.
Kinachobaki ndicho miwa,
ndicho bati ambalo Rispa Akwabi
amekuwa akilihesabia tangu mvua ya Machi.

Juu ya faili hilo niliweka jicho.
Si kamera. Ni hesabu:
mashine inalisoma lote, herufi kwa herufi,
inalisaga likawa alama moja ndefu isiyosomeka,
na kila dakika tano inasaga tena, inalinganisha.
Ukigeuza sita iwe saba
alama nzima inavurugika,
kama ubeti uliozidishwa silabi:
hata asiyejua kuhesabu atajikwaa papo hapo.

Mwanzoni jicho liliandika lilichoona
kwenye seva ileile, kabatini,
chini ya feni inayolia kama mbuzi.
Aloo akaja kutoka Kisumu kutukagua,
akala ndizi mbili, akacheka.
"Mnaandika habari za mwizi
halafu mnaziweka mfukoni mwake?"
Akachukua kalamu nene, akaandika ukutani, juu ya nyaya:
Shahidi usimlaze, kwa yule mshitakiwa.
Nilihesabu kwa vidole, kimyakimya.
Minane, minane.

Tangu siku hiyo kila neno la jicho linaondoka.
Linafungwa kwa siri, linapita kwenye waya hadi Kisumu,
linakutana na maneno ya ghala, ya malipo, ya lango,
yote kwenye skrini moja pana
anayoikodolea Aloo macho, chai mkononi.
Umeme ukikatika, nao hukatika,
maneno yanapanga foleni,
ukirudi yanakwenda kwa zamu, la kwanza kwanza.
Nilijaribu mwenyewe. Nilichomoa plagi, nikachomeka.
Nilimwita hata Eshikumo wa mizani aje aone.

Jumanne, saa nane na dakika kumi na nne usiku,
trela ya kumi na saba ilinenepa kilo mia nne
ikiwa imeegeshwa.
Kisha ya tatu. Kisha ya ishirini na moja.
Saa nane na ishirini mtu akafuta kumbukumbu zote.
Alizifuta vizuri. Asubuhi nilikuta ukurasa
mweupe kama shuka la wageni.

Ila neno lilikuwa limeshaondoka.
Aloo alinipigia kabla sijavua koti.
Alisoma polepole: faili, alama ya zamani, alama mpya, saa.
Kisha akanyamaza,
nami nilijua safu iliyobaki ni ipi,
maana niliichagua mimi: jina la aliyegusa.

"Osundwa," alisema, "ni wewe."

Si mimi. Nilikuwa nyumbani Shibale, mtoto ana homa.
Lakini nywila ni yangu. Eshikumo aliniomba mwezi Juni,
foleni ya matrekta imefika barabara kuu, madereva wanatukana,
nikamwandikia nyuma ya tiketi.
"Nitaichana," alisema.
Sikumwuliza tena.

Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya kibodi.
Nielewe: ulikwenda wenyewe, ukitafuta pa kufutia.
Hapakuwa na pa kufutia. Nilihakikisha hivyo mwenyewe
mwezi wa nne, nikapigiwa makofi, nikapewa soda.

Dirishani namwona Rispa Akwabi,
tiketi yake imekunjwa mara nne,
anamwuliza karani tani zimepungukia wapi njiani
na barabara ni ileile.
Hajui lolote kuhusu alama.
Anaijua miwa yake.

"Osundwa, uko?"

Niko. Naandika:
nywila nilimpa nani, siku gani, jua lilikuwa wapi.
Nimekosea herufi mbili, naziona.
Naituma hivyohivyo,
kabla sijaisoma mara ya pili.