Herufi Moja

Picha imefika Dabaga kwa basi la saa nane,
ndani ya bahasha, kati ya gunia la mbolea na tairi.
Utingo akaninyooshea dirishani: "Mzigo wa bibi yako.
Hauna uzito, sitakutoza."

Hauna uzito.
Nimeupandisha mlima nikihema.

Ukungu ulikuwa umelalia njegere
kama mgeni asiyejua kuaga.
Bibi Sekihwele alikuwa jikoni, anapuliza kuni mbichi za msindano.
Moshi unamliza. Ndivyo asemavyo kila mwaka
ukifika mwezi huu: moshi.

Nikamwonyesha.
Jiwe fupi, la kijivu, katika safu ya mawe mafupi,
nyasi zimekatwa kama nywele za kuruti.
Namba. Keya. Bama, mwaka arobaini na nne.
Na jina.

Hakuuliza nani kaipiga, wala imepitia mikono mingapi.
Aliuliza, "Huko kuna mvua?"
Nasikia ni nyingi, bibi.
"Hakupenda matope. Tukivuka mto alinibebea viatu...
la, viatu tulivitoa wapi?
Alinibeba mimi."

Nyumba yetu inamjua kwa mabati.
Barua ilipotoka bomani ilisomwa mara moja, ikakunjwa,
zikafuata shilingi,
na mama yao hakuzigusa mavuno mawili.
Mavuno ya tatu nyasi za paa zilioza.
Akanunua mabati kumi na moja.
Tangu hapo mvua ikipiga hatuzungumzi,
tunamwachia aseme yeye.

Tanga halikuanuliwa.
Utalianuaje bila kaburi la kutupia udongo?
Watu walikaa siku tatu, wakakaa wiki,
mmoja mmoja wakakumbuka palizi,
wakatoka kinyumenyume,
msiba ukabaki kwenye kigoda chake
na hakuna aliyeuambia, haya, inuka.

Sasa bibi anaisogeza picha kwenye mwanga wa mlango.
Kusoma anajua. Hakufundishwa na shule,
alifundishwa na kaka, kwa mkaa, juu ya kibuyu cha ulanzi,
masika moja kabla ya lori.
Jina la ukoo tu, herufi saba.
"Nyingine," alisema, "nitakuja nazo."

Kidole kinatambaa juu ya jiwe.
K. I. W.
Kinasimama. Kinarudi nyuma
kama mtu aliyedondosha ufunguo njiani.
"Galinoma Kiwele," anasoma.
"Kiwele?"
Na anacheka, kikongwe wa miaka tisini,
anacheka mpaka kanga inamvuka begani:
"Miaka yote hii kaka yangu amelala ugenini
akiitwa titi la ng'ombe!"
Nami nacheka, na moshi
safari hii unatuliza wote wawili.

"Karani," anasema baadaye, bila hasira.
"Karani alikuwa na haraka.
Siku hiyo bila shaka walikuwa wengi."

Kisha anachokoa majivu, anachagua kaa lililopoa,
analichonga ncha kwa ukucha.
Mkono unatetemeka. Herufi haitetemeki:
nguzo mbili na ufito katikati,
kama mlango wa zizi.
Anaipachika baina ya I na W,
juu kidogo, kwa kuwa hakuachiwa nafasi.

Anapuliza vumbi. Anaiegemeza picha ukutani,
karibu na kopo la chumvi, mahali pasipofikiwa na mvuke.
Anaitazama kama mtu aliyerudi kutoka gulioni amechelewa,
ambaye umemwekea ugali, na umepoa.

"Haya," anamwambia.
"Zile nyingine ulizosema utakuja nazo,
nilijifunza mwenyewe."