Kwa Atakayekalia Kiti Hiki

Droo ya kushoto ina barua za onyo,
zimeshapigwa muhuri, zinasubiri majina.
Usizizoee.

Nakijwa wa meza ya kuchambua buni
alichelewa Jumanne nne mfululizo.
Mashine ya vidole iliniambia saa;
haikuniambia mtoto ana kliniki Mawenzi.
Nilimuuliza tukiwa wawili, mlango umerudishwa.
Nyuma ya onyo lake nikaandika zamu mpya.

Elinami naye nilimuuliza. Akacheka.
Huyo alipata barua yake.

Mshahara ukichelewa, wewe ndiye useme,
kabla ya chai, umesimama.
Usimtume mlinzi.

Na theluji ya Kibo ikijifunua asubuhi,
waache wachungulie dirishani.
Buni haikimbii.