Betri Ndani ya Unga

Tulikuwa kumi na mmoja, na pesa ya watu saba.
Badri, mtoto wa dada yangu, alinipa bahasha:
"Mama mdogo, siku tisa."
Nikahesabu lari mara mbili, labda zingezaana.
Nikanunua maharage, unga wa mahindi, vitunguu,
jibini ya chumvi kwa Mzia, anayekopesha bila kuandika
na hasahau.

Oktoba ya milima ya Racha inang'ata masikio.
Sufuria ile ile ya matanga ya baba
ilitokota nyuma ya zizi waliloliita studio.
Fundi taa alikuja mikono imekufa ganzi;
nikamshikisha bakuli kwanza, kijiko baadaye.
Mgeni siku mbili. Ya tatu, kwa kukosa jembe,
kijana wa sauti nilimpa kisu na viazi.

Usiku wa sita walipiga picha hadi saa tisa.
Ketino alisinzia kasimama,
katikati ya neno "nakuacha",
na Badri akashangilia: "Mmeona uchungu ule?"
Mimi niliona usingizi.
Otari, dereva, alitia chumvi kwenye chai
akainywa yote.
Na njia ya kileleni ina kona kumi na nne.

"Saa kumi na mbili tuondoke, tuliwahi jua!"
Sikubishana. Mwenye upawa hapazi sauti.
Walipojitupa chini na viatu vyao
nilizitoa betri za kamera, zote tatu,
nikazifunga kitambaa,
nikazizika ndani ya gunia la unga.

Jua likachomoza bila shahidi,
ila mimi na mbwa wa Mzia.
Lilikuwa zuri, nakiri. Zuri mno.
Theluji ya mbali ikawa ganda la chungwa,
na ndani watu walikoroma.

Badri akaja, macho pilipili.
"Umeziona betri?"
"Kula kwanza."
Akala mkate wa moto, maharage juu yake,
akalala kichwa juu ya gunia lile lile.
Sikumwamsha hadi saa tano.

Filamu ile haina mapambazuko. Ina mvua,
na doa jeupe pembeni ambalo hakuna anayelielewa.
Majina yanapopanda mwishoni, madogo kama chawa,
huwa nayahesabu mara mbili, kama lari zile:
kumi na moja, na wenyewe wote wanapumua.

Jibini ya Mzia sijailipa.