Lepe la Usingizi

Saa tisa ya usiku, na jua limekaa juu ya paa la jirani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Hapa Sodankylä, msimu huu,
usiku ni neno tu lililobaki kwenye kalenda.
Nashuka ngazi, viatu mkononi,
tanuri la duka linaningoja,
nikamkuta Onerva jikoni,
miaka kumi na miwili na miezi minne,
anaokota chembe za sukari kwa ncha ya kidole.

"Hujalala?"
"Nimelala."

Uongo. Hata lepe.
Labda mang'amung'amu yale ya alfajiri,
mwili kitandani, roho kizingitini.

Jana alimrushia Veikko kijiko
kwa sababu Veikko alitafuna kwa sauti.
Juzi alilia saa nzima kwa ajili ya kalamu
aliyomwazima Saimi, ikarudi haina kifuniko.
Nikamwambia, mambo madogo hayo.
Akanitazama
kana kwamba nimemwambia mto Kitinen ni kikombe cha maji.

Mama yake anasema ni umri.
Mwalimu anaandika: anasinzia kwenye hesabu,
akiulizwa anajibu kwa miiba.
Mimi nami, nakiri, nilifoka. Mara mbili.
Mara ya pili majirani walifungua dirisha.

Sijui habari za ubongo. Najua unga.
Unga ukiukanda, ukaukanda, usiupe nafasi,
unakaza. Ukiuvuta unakatika.
Si mbovu; umechoka,
na hakuna mwokaji aliyewahi kushinda ugomvi na unga uliochoka.
Unaufunika kitambaa.
Unaondoka.

Basi nikaleta dukani magunia manne,
misumari, nyundo,
nikaziba dirisha lake mchana kweupe.
Simu nikaitia ndani ya pipa la mkate,
juu yake mikate miwili migumu ya juzi.
"Unanichukia!" akasema.
Nikasema, "Kesho utanichukia vizuri zaidi, ukiwa umelala."
Hakucheka.

Usiku wa kwanza, hakuna kitu.
Wa pili nikasikia kitanda kikilalamika mpaka saa nane.
Wa tatu nilirudi kutoka kazini saa sita ya adhuhuri,
unga bado kwenye nyusi,
nikamkuta fofofo, kinywa wazi,
mguu mmoja nje ya blanketi.
Nikasimama pale nikiutazama ule mguu.
Ulikuwa mkubwa kuliko wa mama yake.
Umekua lini? Nani alikuwa macho?

Alipoamka alikula vipande vinne, hakusema.
Kisha akaketi karibu na Veikko,
akakizungusha kijiko mezani.
"Kile kijiko," akasema. "Sikukasirikia kutafuna kwako.
Nilikuwa..."
Akatafuta neno kama mtu anayepapasa swichi gizani.
"Nilikuwa na wivu. Saimi ana rafiki mwingine."
Veikko, miaka saba, akasema, "Aa,"
akaendelea kutafuna, kwa sauti ileile.

Jioni alibamiza mlango tena.
Sikupanda.

Kuna tundu moja kwenye gunia la kushoto,
dogo, ukubwa wa punje ya shayiri.
Jua la usiku hupenya hapo,
likatambaa ukutani polepole, kutoka kabatini hadi kwenye picha ya farasi,
na asubuhi hufika linapogeuka
bila kuugusa mto.