Wimbi la Ngazi

Ibra, Agosti, saa nane mchana.
Kitasa cha gari kimeniunguza kiganja.
Bi Ghaniya amepiga simu mara tatu:
"Njoo uiangalie yupiesi yako, baba,
umeme ukikatika inanung'unika kama mke mwenza."

Mashine ya oksijeni iko kando ya kitanda,
mrija umepita chini ya mtandio hadi puani.
Umeme ukizimika, pumzi yake imo
ndani ya kisanduku cheusi
nilichomuuzia mwenyewe, kwa riali tisini,
nikaapa.

Nikapima soketi ya ukutani: mia mbili thelathini na nane.
Kioo cha yupiesi: mia mbili thelathini na nane.
Ndugu wa tumbo moja.
Nikachomoa waya ukutani.
Kioo: mia mbili thelathini.
Mita yangu: mia moja sabini na mbili.

Hapo jasho likabadilika, halikuwa la joto tena.

Nikafungua mfuniko. Betri mbili, hazikuvimba,
hazikuota chumvi vichwani.
Nikakaza nati ambazo hazikuwa zimelegea.
Volti ishirini na tano, zikibeba mzigo:
hapo nani wa kumlaumu?
Nikabadilisha hata betri ya mita,
maana shahidi mwenye njaa huharibu ushahidi.
Mia moja sabini na mbili.
Nikakikazia macho kile kioo:
mwongo wewe, mwongo mwenye taa ya kijani.

"Lakini mimi napumua," akasema Bi Ghaniya.

Nikaomba balbu ya kizamani, yenye uzi ndani.
Muhannad, mjukuu, akaitikia kwa Kiarabu,
akaitoa stoo, macho bado kwenye simu.
Ukutani, ikawaka rangi ya samli.
Kwenye yupiesi, samli ileile.
Uzi wa taa hauna elimu, unajua joto tu,
na joto halikupungua.

Nikaenda kwa Shaji, duka la spea.
Akanipa mita yake ya njano, nzito kama jiwe la kinu,
akaitazama yangu kama mtu anayetazama viatu vya mgeni.
"Hii yako," akasema, "inadhani kila umeme ni mviringo."

Mia mbili ishirini na tisa.

Basi ndiyo hivyo. Umeme wa ukutani
hupanda na kushuka kama kifua cha aliyelala.
Wa kisanduku hupanda ngazi:
kipandio, kituo, kipandio, kituo,
ndiyo maana mashine hunung'unika.
Nguvu ni ileile.
Mita yangu ilifunzwa wimbi laini peke yake;
ikikuta pembe hukisia,
na hukisia chini.

Nikamweleza. Akacheka mpaka mrija ukachomoka,
Muhannad akaurudisha.
"Mwaka nilioshuka hapa kutoka Unguja,
sanduku moja, Kiarabu changu cha msahafuni,
shangazi zangu walinipima.
Nikitamka neno, wanatazamana.
Nilikuwa nimeshazalisha wanawake kumi na wanne, peke yangu,
kwa taa ya chemli.
Wakaniandikia mia na sabini."

"Wakakuandikia wapi?" akauliza Muhannad,
kwa Kiswahili. Kumbe anacho.

Bi Ghaniya hakumjibu. Alimtazama kwa muda,
kama mtu aliyesikia mlango ukifunguka chumba cha nyuma.

Nikafunga mfuniko, skrubu nne, moja imeliwa kichwa.
Nikakata plasta nyeupe, nikaibandika kwenye mita yangu,
nikaandika kwa kalamu ya wino:
HAIJUI NGAZI.

Akanyoosha mkono nimsomee.
Nikamsomea.
"Hiyo plasta," akasema,
"inashika hata kwenye sikio la mtu?"