Mchi wa Bibi

Kiwiliwili ni mninga, ubao wa mlango wa Kondoa.
Shingo ni mchi wa marehemu bibi:
mpingo, mgumu hata randa ililia,
vumbi lake jeusi likanitoka puani siku tatu.

Shangazi Mbeleje alisimama kizingitini:
"Na uwele tutwange na nini? Na kidole?"
Mashine ya kusaga ipo hapa Hombolo tangu sijazaliwa.
Sikumjibu. Nilipiga msasa.

Nyuzi zilikuja na basi, zimeviringishwa gazetini.
Nne.
Nikakaza ile nene, nikaazima spika ya kwaya,
nikaigusa mara moja, kwa gumba.

Ndu.

Kuku wote wa uani wakaja mbio
wakipekua miguuni pangu,
na shangazi, bila kufikiri, akawafukuza
wasiguse uwele.