Kisu Kiko Wapi?

Semboja alikuja Sahare na mkoba wa turubai
na karatasi iliyopigwa plastiki: picha ya mtu mwenye mishale mwilini.
Mpira mrefu unapita hapa, chini ya kwapa, nyuma ya shingo.
Geji kushoto. Taa kulia.
Kisu kiunoni, mbele, upande wa kushoto,
mkono wowote ukifike.
Wote sita tuvae hivyo hivyo, akasema,
kama wanafunzi Jumatatu.

Tulikuwa tumepata kazi ya kukagua nguzo za gati,
malipo kwa nguzo,
na watu wa bima walitaka tufundishwe kwanza.

Mwalimu mwenyewe, Mbondei wa Muheza!
Makame Faki alicheka mpaka akakohoa.
Yeye kazamia majongoo tangu enzi ya kompresa ya matairi,
mpira wa bustani mdomoni.
Miwani yake imeshikwa na tyubu ya baiskeli,
risasi za mkanda wake kazimimina mwenyewe kwenye kopo la maziwa.
Akasimama juu ya simenti, akaghani:

*Mbizi si kuvaa nguo, mbizi ni kujitambua,*
*Mimi sikusoma chuo, na bahari yanijua,*
*Hewa haina kituo, wala sare kuchagua,*
*Wa Muheza wa machungwa, pwani umefata nini?*

Tulipiga makofi. Semboja naye alipiga.
Kisha akamwomba Mwanamvua kanga yake,
akatufunga macho mmoja mmoja.
"Mwenzako hana hewa. Mpe."
Mimi nilitumia sekunde kumi na moja
kuupata mpira wangu mwenyewe.
"Umeshamzika," akasema, bila ukali,
kama mtu anayesoma bei.

Wiki tatu tukarudia jambo moja.
Vua miwani, vaa miwani. Zima hewa, fungua hewa.
Hatukutazama samaki hata mmoja.
Usiku nilipiga hesabu ya ada: bati za chumba kizima, na misumari yake.
Nikajiuliza, hii ni elimu,
au ni wenye vifaa kuwafungia mlango wasio navyo?
Maana sare ina duka lake, na duka lina mwenyewe.
Lakini Makame, bila cheti, kazika wenzake wawili,
na shemeji yake yuko Kwaminchi anauza vocha, kitini,
miguu imelala tangu siku aliyopanda juu kwa pupa.
Sijui hilo linamtetea nani.

Nguzo ya kumi na nne.
Mvua za Amani zilikuwa zimeteremsha tope lote la Zigi,
taa inamulika chai ya maziwa.
Wavu wa zamani ukanishika kisigino, kisha shingo ya mtungi.
Kisu changu kikaniponyoka.
Nikamgusa Makame bega,
mkono ukaenda wenyewe: kiunoni, mbele, kushoto.
Kitambi tu.
Kulia. Hamna. Mgongoni. Hamna.
Pumzi saba nampapasa mzee wa watu kama mwizi wa sokoni,
mpaka akaelewa, akainama,
akakichomoa kwenye shavu la mguu,
alikokifunga anakokujua yeye na Mungu wake.

Akanikata taratibu, uzi baada ya uzi.
Halafu akageuza uso, akahisi kwa shavu ubaridi wa maji yanayogeuka,
kitu ambacho hakimo kwenye karatasi,
akaninyanyua kwa mwendo wa mapovu madogo
kabla mkondo haujatubandika kwenye zege.

Juu hatukusimuliana.
Semboja akasoma geji yangu, akaandika namba,
akaipigia mistari miwili.
Jioni, kwenye chapati za Mwanamvua, wengine walibishana mpaka taa ikazimwa.
Makame alikula, akaondoka.

Kesho yake alikuja kisu kiko kiunoni, mbele, kushoto.
Kimefungwa kwa ile ile tyubu ya baiskeli.

Semboja akaitazama muda mrefu.
Akaivuta mara mbili, kuipima.
"Hii," akauliza, "umeinunua wapi?"